Darubini na Kufuli

Kulikuwa na mtu mlimani Upareni, jina lake Mbazi, aliyelitunza kaburi la baba yake kuliko alivyoitunza nyumba aliyolala ndani yake. Nyumba ilivuja upande wa jikoni, naye aliweka sufuria chini ya tone akaendelea na shughuli zake. Kaburi halikuwa na ufa hata mmoja. Kila Jumamosi alilisugua kwa brashi na sabuni ya unga, akalisuuza, akalifuta kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote. Watu waliopita njia ya chini walisema Mzee Elieneza analala pasafi kuliko wengi walio hai. Walisema hivyo kwa kumheshimu Mbazi, naye aliipokea heshima hiyo bila kucheka.

Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi ya huko, ambako mtu hazikwi mbali na migomba yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyepachagua mahali. Palikuwa uwanja mdogo alioukata kwa sururu ujanani, kwenye ukingo wa mteremko, akaujaza kokoto na kuushindilia ili apate pa kuanikia kahawa. Vitu vingine vyote katika boma lile vilifuata mwinamo wa mlima. Nyumba iliingia ndani ya ukingo na baraza lake la nyuma likautazama ukuta wa udongo, banda la mbuzi liliegemea mawe, migomba ilishuka moja kwa moja hadi kwenye mfereji. Ni uwanja ule tu uliokuwa sawa kama meza, na kutoka pale mtu aliona mashariki yote, juu ya vichwa vya migomba, hadi kwenye mbuga kule chini. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mzee alipokuwa hawezi tena kutembea, Mbazi alimbeba mgongoni kila asubuhi akamkalisha pale juu ya mkeka apate jua. Walikaa kimya wote wawili, kwa kuwa wote wawili hawakuwa watu wa maneno. Kwa hiyo mzee alipofariki na kuzikwa pale pale, Mbazi aliona kwamba hakuna mtu duniani aliyepajua mahali hapo kama yeye.

Alimwaga zege pana lililofunika karibu uwanja wote, akalipiga niru, saruji laini ya juu, mpaka likang'aa. Mwanzoni lilikuwa wazi. Mama yake alikaa ukingoni mwake jioni akichambua maharage, na majirani waliokuja kumsalimu walikaa upande wa pili. Kisha ikaja siku ya kipaimara cha mtoto wa ukoo, na boma likajaa wageni. Mmoja aliweka sahani ya pilau juu ya kaburi, mwingine akaweka chupa ya soda, wa tatu akajiegemeza pale kwa kiwiko akasimulia kisa kirefu na watu wakacheka. Wageni walipoondoka, Mbazi alikuta duara la soda limebaki kwenye niru. Alilisugua likatoka, lakini moyoni halikutoka. Wiki iliyofuata alimwita fundi wa kuchomelea, akazungushia kaburi fensi ya nondo iliyomfikia mtu kifuani, akaipaka rangi nyeusi, akatia geti dogo na kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya shati. Mama yake aliiona fensi akamuuliza mzee ameshtakiwa kwa kosa gani. Mbazi alidhani anatania, naye mama akamwacha adhani hivyo. Tangu siku ile alichambulia maharage mlangoni mwa jiko, na Mbazi, mtu aliyekumbuka nani alipanda mti upi na mwaka gani, hakuona kwamba kuna kitu kimehama.

Miaka ikapita, na macho ya mama yakaanza kufifia. Daktari wa macho alimweleza Nakiete, binti wa mwisho, kwamba presha ya jicho imekula mishipa, na kilicholiwa hakirudi. Mama alibaki akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitu kikiwa karibu na kikiwa na mwanga, alikiona, kipande kwa kipande. Vya mbali vilikuwa vimeyeyuka. Nyota zilikwenda kwanza, kisha vilele vya milima, kisha nyuso za watu walio ng'ambo ya uwanja. Mwezi ulikuwa umekwenda pia. Aliinua uso kuutafuta akaona weupe usio na umbo, akasema basi, awaachie wengine wautazame.

Nakiete alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya wasichana kule tambarare. Alipojua kwamba mwezi utapatwa, na kwamba utapatwa mapema jioni, watu wakiwa bado macho, aliomba ruhusa shuleni akaazima darubini yao, akapanda nayo mlimani imezungushiwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Angeifunga simu kwenye jicho la darubini, apige picha mwezi ukiwa umefunikwa wote, kisha aikuze kwenye kioo cha simu na kumshikia mama karibu na uso. Mwezi ambao mama hauoni angani angeuona kiganjani. Kupatwa kwingine kwa namna ile kungeonekana kutoka kwao baada ya miaka kadhaa, na hakuna aliyeuliza kwa sauti macho ya mama yatakuwa wapi wakati huo.

Mama alikuwa na sababu yake ya kuutaka mwezi ule kuliko mwezi mwingine wowote. Mwezi wake wa kwanza katika boma lile, akiwa mwali aliyeletwa kwa watu asiowajua, mwezi ulipatwa. Mama mkwe alitoka na debe akalipiga kwa mwiko ili mwezi urudi, majirani wote wakapiga vyao, na yeye akasimama gizani akitetemeka, akitaka kurudi kwao. Elieneza alitoka nyumbani akaja akasimama kando yake. Hakumshika mkono wala hakumwambia usiogope. Alisimama tu mpaka mwezi ukarudi, na siku ile ndipo mama alipojua ameolewa na nani. Kisa hicho aliwahi kuwasimulia wanawe mara moja tu, akasema kwamba kila kitu cha jioni ile anakikumbuka isipokuwa rangi. Mwezi ulikuwa na rangi, na rangi hiyo imempotea. Nakiete alikuwa amemwambia kwamba anaweza kuiona tena, na siku ya kupatwa mama alivaa kitenge cha kanisani tangu asubuhi.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuisimamisha darubini. Mchana ule Nakiete alilizunguka boma lote. Barazani aliona udongo, kwenye migomba aliona majani. Hatimaye alisimama mbele ya fensi, akamwomba kaka yake ufunguo.

"Pale si meza," Mbazi alisema.

Nakiete alimkumbusha kwamba baba alikuwa akigeuzageuza kahawa pale kwa miguu, peku, akiimba. Mbazi akajibu kwamba wakati huo baba alikuwa juu ya ardhi ile, sasa yumo ndani yake. Hakusema kwa hasira. Aliahidi kumtafutia mahali pengine pazuri, na alimaanisha, kwa sababu naye alimpenda mama yake na alitaka auone mwezi. Alichagua nyuma ya banda la mbuzi, ambako pengo kati ya miti ya migrevilea liliacha kipande cha anga ya mashariki. Alifyeka majani, akaondoa kamba za mbuzi, akaleta kiti cha mama chenye mto. Kazi yote aliifanya vizuri kama alivyofanya kazi zake zote. Ardhi ya pale tu ndiyo ambayo hakuweza kuibadilisha. Ilikuwa samadi ya miaka mingi iliyorundikana na kuoza, na baada ya mvua za vuli ilibonyea chini ya mguu kama godoro.

Jua lilikuwa limewaka mchana kutwa, na jioni anga lilikuwa safi. Mwezi ulichomoza mbugani ukiwa mzima na mkubwa. Nakiete aliinamisha darubini, akaifunga simu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akapiga, na picha ya kwanza ikatoka bila kasoro. Alimpelekea mama simu. Mama aliisogeza mpaka ikakaribia pua, akaizungusha taratibu ili tundu lake dogo la kuonea lipite kila mahali, akasema ameona, ni mwezi kabisa, na una madoa kama kipande cha chapati. Mbazi alijisikia vizuri. Alimtazama dada yake kwa namna ya kumwambia, umeona, mahali pameshapatikana.

Lakini mwezi mzima una mwanga mwingi, na simu huuchukua kwa kufumba na kufumbua. Mwezi uliopatwa ni kitu kingine. Kadiri kivuli kilivyoumega, simu ilihitaji kuacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo kitu chochote kinachotikisika hujiandika kwenye picha. Mwezi ulipobaki kama ukucha, picha zilianza kuvimba pembeni. Ulipozama wote kivulini na kuanza kuwa mwekundu, hazikufaa tena. Mbuzi mmoja alihamisha uzito wake bandani na mwezi ukawa miwili. Mguu mmoja wa darubini ulizama kidogo na mwezi ukawa mchirizi. Mbazi alileta ubao akauweka chini ya miguu, ubao ukayumba. Akaleta mawe ya mafiga, mawe yakazama. Kila picha Nakiete alimpelekea mama, kwa kuwa aliahidi, na kila picha mama aliisogeza karibu akaizungusha kwa subira.

"Huu si mwezi, mwanangu," alisema mara moja. "Hili ni yai limevunjikia kikaangoni."

Walicheka, lakini Nakiete alicheka kidogo kuliko wengine.

Njiani chini alikuwa akipita Mzee Mgonja, jirani yao, na debe kukuu mkononi. Alikuwa amelipiga kidogo nyumbani kwake kwa ajili ya kumbukumbu za zamani, na sasa alitaka kujua mbona kwa Mama Mbazi kimya. Aliuliza kwa sauti kama wamekatazwa hata kuusaidia mwezi wa watu urudi.

"Tumekatazwa hata kupumua," mama akamjibu. "Wanapiga picha. Nenda kalipigie kwako, utatutikisa."

Mzee Mgonja alisema kwamba tangu azaliwe hajasikia mwezi unaoogopa debe, akaenda zake.

Hapo Mbazi alifanya jambo lililotoka moyoni. Alipiga magoti kwenye samadi, na suruali yake safi, akaishika miguu ya darubini kwa mikono miwili, akaibana kwa nguvu zake zote ili isitikisike. Alifumba macho. Alizuia pumzi. Kama kupenda tu kungetosha kuisimamisha darubini, ingesimama jioni ile kama mwamba. Nakiete alipiga, akatazama, akapiga tena. Mwezi ulitoka na ukingo wenye mawimbi madogo, moja baada ya jingine, yaliyopangana sawasawa. Alikaa akiutazama kwa muda kabla ya kuelewa.

"Achia, kaka," alisema. "Moyo wako unapiga mpaka kwenye lenzi."

Mbazi aliachia. Alibaki amepiga magoti, mikono hewani, kama mtu aliyenyang'anywa mzigo asijue aushikeje utupu. Nakiete hakusema lolote kuhusu ufunguo. Alikuwa ameuomba mchana, akakataliwa, na katika nyumba ile dada haombi kitu kimoja mara mbili kwa kaka mkubwa. Alikaa chini kwenye ubao, akaweka simu mapajani. Juu yao mwezi ulikuwa umeiva wote, na wote walijua kwamba hautakaa hivyo. Kivuli kilikuwa kinasogea. Mbazi aliitazama darubini, akaitazama fensi iliyosimama nyeusi mbele ya nyumba, akatazama pembeni. Alijiambia kwamba picha ile ya kwanza ilikuwa nzuri, na kwamba mama ameuona mwezi, hata kama si huu. Alijiambia kwamba mzee angemwelewa. Alikuwa amezoea kumsemea mzee, na kwa miaka yote hiyo mzee hakuwahi kumpinga.

Ndipo mama aliponyanyuka kwenye kiti. Hakuomba kushikwa. Alipita kando ya banda akipapasa mawe, kisha ukuta wa jiko, kisha akavuka uwanja kwa hatua za mtu anayejua kila kibonde. Mbazi alimfuata nyuma akihofia ataanguka. Mama alinyoosha mkono mpaka ukagusa nondo, akazishika mbili kama mtu aliyekwenda kumtembelea ndugu aliyefungwa. Aliposema hakumgeukia mwanawe. Alisema taratibu, kama mtu anayesema jambo ambalo limekaa kwake muda mrefu na kupoa.

"Baba yako alipachagua hapa kwa sababu ndipo sote tulipokuwa tunapita. Wewe, mwanangu, umempeleka mbali nami, na hata uani hajatoka."

Mbazi alisimama. Alitaka kujibu kuhusu sahani ya pilau na duara la soda, na maneno yakamfikia mdomoni, lakini aliona mikono ya mama yake kwenye nondo. Alikumbuka mlango wa jiko. Aliona beseni la maharage mlangoni mwa jiko, jioni baada ya jioni, miaka yote, na mama ameinama mahali penye moshi na upepo, wakati hatua chache kutoka hapo palikuwa mahali pake. Yeye mtu wa kukumbuka kila kitu alikuwa amekitazama kitu hicho kila siku bila kukiona. Alidhani amemfungia mzee ndani, mbali na wageni na mbuzi. Hakujua kwamba mtu wa kwanza kubaki nje alikuwa yule aliyekuwa na haki kuliko wote.

Alivuta uzi shingoni. Kufuli lilifunguka mara moja, maana alilipaka mafuta kila mwezi. Alisukuma geti, akampisha mama apite kwanza.

Nakiete alivua viatu kabla ya kuingia, ingawa hakuna aliyemwambia. Alisimamisha darubini katikati ya zege, na miguu yake mitatu ilipogusa niru ilitulia kwa namna ambayo mtu aliweza kuisikia mkononi. Mama alishuka akaketi ukingoni, upande uleule wa zamani, akaweka kiganja chini.

"Bado pana joto," alisema.

Ilikuwa kweli. Zege lilikuwa limekunywa jua la mchana kutwa na sasa lilikuwa likilirudisha taratibu. Mbazi, aliyelisugua zege lile kila Jumamosi kwa maji baridi ya asubuhi, hakuwa amelijua jambo hilo. Alikuwa amesimama getini, asijue akae wapi wala afanye nini na mikono yake. Hakuwahi kukaa juu ya kaburi la baba yake. Mama alipapasa zege kando yake mara moja, kama mtu anayemwonyesha mtoto pa kukaa kanisani. Mbazi aliingia akaketi. Mwanzoni aliketi kwa kujizuia, kama mtu aliye kwenye kiti cha mwenzake. Kisha joto likapanda, likamfikia mgongoni, mahali alipokuwa akimbebea mzee, na akakaa kwa uzito wake wote.

Nakiete aliwaambia wasisogee. Aliiweka simu ipige yenyewe baada ya kidole kuondoka, akarudi nyuma, akakaa nao. Kwa muda ule mfupi watu watatu walikaa juu ya kaburi bila kupumua, na chini yao wa nne akiwa kimya kama alivyokuwa siku zote, na hakuna kilichotikisika.

Picha ilitoka. Nakiete aliikuza, akaitazama kwanza yeye mwenyewe, akamkabidhi mama. Mama aliisogeza karibu na uso. Mwanga wake ulimwangazia mashavu kwa wekundu hafifu. Hakuimaliza haraka. Aliipitisha polepole mbele ya kile kitundu cha kuonea alichobakiwa nacho, kuanzia ukingo wa juu kwenda chini, akasimama hapa, akarudi pale, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mkono anaoujua. Mbazi alimtazama uso. Alimwona amefika mahali fulani kwenye mwezi ule, kule chini ambako wekundu ulikuwa mzito zaidi, akasimama kabisa.

"Nilikuwa nikidhani ni nyekundu kama damu," mama alisema hatimaye. "Kumbe ni rangi ya kahawa mbivu. Ndiyo maana baba yenu hakuogopa."

Angani ukingo mmoja wa mwezi ulianza kung'aa, mwembamba kama uzi, na Nakiete hakunyanyuka kuupiga. Walikaa pale mpaka uliporudi wote. Mama aliuliza mara kwa mara umefika wapi, nao walimweleza kwa zamu, na mara moja Mbazi ndiye aliyeeleza, kwa maneno mengi kuliko yale aliyozoea kuyatumia kwa wiki nzima. Mzee Mgonja alisikika akipiga debe lake mbali bondeni, akidai bila shaka kwamba ni yeye aliyeurudisha.

Fensi haikung'olewa. Mbuzi ni mbuzi, na Mbazi hakubadilika akawa mtu mwingine. Lakini kufuli lililala kwenye droo ya meza likapata kutu kwa mara ya kwanza, na getini akafunga kitanzi cha waya ambacho mbuzi hawezi kukitoa na mtu anaweza kukitoa hata kwa kupapasa. Beseni la maharage lilihamia zegeni. Majirani walipokuja walikaa upande wa pili, na wengine waliacha duara la chai. Siku za Jumamosi Mbazi aliyafuta, akianza na lile la upande wa mama, na majirani walioona hawakumsikia akilalamika. Macho ya mama yaliendelea kufunga, kama daktari alivyosema yatafunga. Ilipofika siku hata picha ile hakuiona tena, bado alijua njia ya kwenda pale, na bado jioni pale palikuwa na joto.

Basi wewe unayempenda mtu wako mpaka ukamtilia kufuli ili asiguswe, umeshahesabu umewafungia akina nani nje?